Mfuko umejipinda, daftari limepasuka mgongo: tulikosea wapi?

MamaWawili, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kushona kwa mkono na wa kazi za karatasi za nyumbani. Ninaishi Lanet na nina watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi. Likizo hii tuliamua kutengeneza vitu viwili kwa mikono yetu wenyewe: mfuko wa kwendea sokoni, kwa kuwa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 nyumba yangu haijawahi kuwa na mifuko ya kutosha, na daftari dogo la kuchorea kwa kila mtoto. Cherehani sina. Nina sindano, uzi, mkasi, rula, pasi, karatasi za A4, manila mbili, na kipande cha kitenge kilichobaki fundi alipomshonea mama yangu gauni.

Mfuko ulipendeza kwa siku moja tu. Tulipoufua ulijipinda, mshono wa ubavuni ukahamia mbele, na nilipotia kilo mbili za sukari na kilo mbili za unga, mkanda mmoja uling'oka nikiwa bado sokoni. Sukari haikumwagika, lakini aibu niliipata. Daftari nalo lilipasuka jalada pale tulipolikunja, ukaonekana ufa mweupe wenye nyuzinyuzi kutoka juu hadi chini, na kurasa tulizozibandika kwa gundi ya unga wa ngano zikaota ukungu kabla ya wiki mbili kwisha.

Je, kosa ni la mikono yetu au la vifaa? Je, ninunue cherehani kwanza ndipo tuendelee? Jirani yangu asema kazi hizi hazifai bila cherehani, nami sitaki kuingia gharama kabla ya kujua kama watoto wataipenda kazi yenyewe.

KijanaWaBungoma

Pole sana, mama. Kwa maoni yangu jirani yako amesema kweli. Tafuta cherehani ya mkono iliyokwisha kutumika, au umpelekee fundi akushonee mfuko kwa bei ndogo, kisha watoto wabaki na karatasi. Mkanda uliong'oka unaweza kuubandika kwa gundi kali ya viatu. Mimi niliutengeneza mkoba wangu hivyo nikiwa shuleni, ukadumu muhula mzima.

FundiKibuye, Kisumu

Salamu, Mama. Mimi hushona karibu na soko la Kibuye, na mifuko ya aina hiyo nimeishona mingi, kwa cherehani na kwa mkono. Naomba nitofautiane na kijana wetu wa Bungoma kwa heshima. Gundi ya viatu ikikauka huwa ngumu, na kitambaa huvunjika nyuzi pembeni mwa sehemu iliyobandikwa, hivyo mkanda utang'oka tena, safari hii ukiwa umebeba na kipande cha mfuko. Cherehani nayo haingewaokoa. Kitambaa kilichokatwa vibaya kikipitishwa kwenye cherehani kitajipinda vilevile, ila kwa haraka zaidi.

Kosa lenu la kwanza, kwa ninavyoona, lilitokea kabla ya sindano kugusa kitambaa. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu, sambamba na ukingo wa kiwandani, na mshindio, zile zinazokatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukikata sambamba na mojawapo ya hizo, kipande hutulia. Ukikata hanamu, yaani kwa mshazari, kipande huvutika kama lastiki, na ndiyo maana mafundi hukata sketi hanamu ili ianguke vizuri mwilini. Sasa, kitenge chenu kilikuwa mabaki ya gauni. Nina hakika kiasi cha kutosha kwamba ule upande mliouona umenyooka, mkauwekea rula, ulikuwa ni mkato wa fundi wala si mwelekeo wa nyuzi. Isitoshe, hamkukifua kabla ya kukikata. Pamba isiyofuliwa hupungua inapopata maji kwa mara ya kwanza, na kwa kawaida haipungui sawa kwa urefu na kwa upana.

Kwa hiyo anzeni upya hivi. Fueni kitenge, kianikeni, kipigeni pasi kikiwa na unyevu kidogo. Tafuteni ukingo wa kiwandani, ambao mara nyingi huwa na maandishi ya waliokitengeneza, na mpime kila kitu kutoka hapo. Kitenge cha kawaida kina upana wa takribani sentimita 115, na yadi moja ni sentimita 91, ambazo huenda zikabaki 88 baada ya kufuliwa. Hapo mnapata mifuko miwili. Kateni vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 41 na urefu wa 86. Ubavuni hubaki utepe wa sentimita 33 au pungufu kidogo, nao mnaugawa kwa urefu mara tatu, kila mgawo sentimita 10, kisha kila mgawo mnaukata katikati. Hiyo ni mikanda sita ya sentimita 43 au 44, nanyi mnahitaji minne tu. Si mirefu ya kuvaa begani, lakini mkono wa kawaida unashika bila shida.

Mkanda haushonwi ukiwa tabaka moja, nalo hilo naona lilikuwa kosa la pili. Ukunjeni katikati kwa urefu, mpige pasi, mfungue, mkunje kila upande ufike kwenye ule mstari wa katikati, kisha mkunje tena. Upana wa sentimita 10 unakuwa 2.5, wenye tabaka nne, na makali yote yamejificha ndani. Mshone kandokando.

Kuhusu mishono ya ubavuni, ipo namna moja inayomfaa asiye na cherehani kwa sababu haiachi makali ya kufumuka. Kunjeni kipande katikati huku uso mzuri wa kitambaa ukiwa nje, mshone ubavu kwa bandi ya kawaida, yaani sindano ikiingia na kutoka ikielekea mbele tu, nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguzeni nyuzi zinazoning'inia, mgeuze mfuko ndani nje, mpige pasi, mshone tena ubavu uleule sentimita moja kutoka ukingoni. Mshono wa kwanza unabaki umefungiwa ndani ya wa pili. Huo wa pili msiushone kwa bandi. Shoneni kwa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele hatua moja, inarudi kuingia pale hatua iliyotangulia ilipoishia, inatokea tena mbele hatua mbili. Kila hatua iwe kama milimita 3. Bandi ikikatika uzi mahali pamoja hufumuka yote, lakini mshono wa kurudi nyuma hushikilia kwa sababu kila hatua imeikalia nyingine.

Baada ya hapo, chukueni kila pembe ya chini, mfuko ukiwa bado ndani nje, muibane hadi mshono wa ubavu ulale juu ya mkunjo wa chini na pembe iwe kama paa la nyumba. Pimeni sentimita 5 kutoka kwenye ncha, mchore mstari wa kukatiza, ambao mtaona una urefu wa sentimita 10, mshone juu yake. Mfuko utapata kitako cha sentimita 28 kwa 10, na pakiti ya unga itasimama wima.

Mdomo wa mfuko ukunjwe sentimita 1, kisha 3. Ncha ya mkanda iingizwe chini ya mkunjo huo wa sentimita 3, ipinduliwe kuelekea juu, na ishonwe kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani yake. Uzito wa sukari ukigawanyika katika mistari sita ya mshono hakuna uzi mmoja unaobeba peke yake. Wa kwenu, naamini, ulishikwa na mstari mmoja.

Uzi uwe wa poliesta, ukunjwe mara mbili, upitishwe juu ya kipande cha mshumaa ili usijisokote. Wala usikatwe mrefu kuliko kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko cha mtu mzima. Watoto hupenda uzi mrefu ili wasitunge sindano mara kwa mara, na uzi mrefu ndio mama wa mafundo.

MwalimuMstaafu, Kakamega

Nimefurahi kuyasoma maelezo ya Fundi, nami nitayaendeleza upande wa karatasi, kwa maana matatizo ya MamaWawili, ambayo ameyaeleza kama mawili, kwa kweli ni moja. Karatasi pia ina mwelekeo wa nyuzi. Nilifundisha Sanaa na Ufundi tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na kila mwaka nilikuta darasa zima likikunja manila kwa nguvu, manila ikipasuka, na watoto wakiamini kwamba manila ilikuwa mbovu.

Sababu iko kiwandani. Mashine ya karatasi humwaga uji mwepesi wa nyuzi za mbao juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kuelekea kule wavu unakokwenda. (Wanajukwaa wa Bungoma, mliokulia karibu na kiwanda cha karatasi cha Webuye na harufu yake, hilo lilikuwa likifanyika mlangoni mwenu.) Ukikunja karatasi sambamba na nyuzi, nyuzi hutengana kwa upole na mkunjo huwa laini. Ukikunja kwa kuzikatiza, zinavunjika moja baada ya nyingine, na huo ndio ufa mweupe uliouona, Mama.

Kuutambua mwelekeo ni rahisi, na watoto wataufurahia kama mchezo. Chukueni gazeti kuukuu, mlichane kutoka juu kwenda chini, kisha lingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja mchaniko utanyooka kana kwamba umewekewa rula, na upande wa pili utakwenda kombo. Ule ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Manila msiichane. Ipindeni tu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana, muibonyeze kidogo kwa kiganja. Upande unaokubali kwa urahisi ndio mnaopaswa kuufanya mgongo wa daftari. Kama ukubwa wa manila hauwaruhusu kuchagua, basi wekeni rula kwenye mstari wa kukunja na mpitishe juu yake kalamu ya wino iliyokwisha wino, mara mbili au tatu, hadi upatikane mfereji mdogo. Kunjeni mkiuweka mfereji huo upande wa nje. Kalamu zilizokwisha wino hutupwa kila siku, na sijaona kifaa cha kununua kinachoifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu kurasa za ndani, nashangaa mlitumia gundi, ilhali sindano mnayo. Shoneni daftari. Karatasi tano za A4 zikikunjwa pamoja katikati hutoa kurasa ishirini, na ukubwa wake unakuwa sentimita 14.8 kwa 21. Zipangeni ndani ya jalada, mzibane kwa vibanio vya nguo ili zisiteleze, kisha mfungue katikati na mtoboe matundu matatu juu ya mkunjo: moja katikati kabisa, na mengine mawili, kila moja sentimita 3 kutoka mwisho. Matundu atoboe mtu mzima kwa sindano nene, chini pakiwa na gazeti lililokunjwa mara kadhaa.

Uzi wa sentimita 60 unatosha. Ingieni kwa tundu la katikati mkitokea ndani kwenda nje, mkiacha mkia wa sentimita 10. Nendeni kwenye tundu la juu, mrudi ndani. Sasa rukeni tundu la katikati, mwende moja kwa moja hadi la chini, mtoke nje, kisha mrudi ndani kwa lile la katikati. Hapo mtaona uzi mrefu umelala juu ya mkunjo, kutoka tundu la juu hadi la chini. Mkia mmoja uwe upande huu wa uzi huo na mkia wa pili upande ule, ndipo mfunge fundo juu yake. Mkifunga bila kuuzungukia uzi huo, fundo litapita kwenye tundu na daftari litalegea. Nimeliona kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Karatasi za katikati zitachomoza kidogo kuliko za nje. Si kosa, ni unene tu wa mkunjo, na mnaweza kuzisawazisha kwa mkasi mwishoni.

Neno moja kuhusu majalada: mfuko wa karatasi wa unga wa kilo mbili, ukifunguliwa kwenye gundi yake na kupanguswa, ni jalada zuri na gumu. Wapo wanaotumia mifuko ya saruji. Mimi nawaomba msiwape watoto hiyo, kwa maana vumbi la saruji huchoma ngozi na macho.

MamaWawili, Nakuru

Nawashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Ni kweli, upande niliouwekea rula ulikuwa umekatwa na fundi, tena gauni lenyewe lilikuwa la mshazari chini. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, kitambaa kisicho na ukingo wa kiwandani nitajuaje nyuzi zake zinaelekea wapi? Nina mashati makuukuu ya mume wangu ambayo ningependa kuyatumia. Pili, bado ningependa kujua kosa la gundi yetu, kwa sababu mdogo anataka pia kutengeneza bahasha na maboksi madogo, na hizo hazishonwi.

FundiKibuye, Kisumu

Kivuteni kitambaa kwa mikono miwili. Kwa mtande kinakataa kabisa, kwa mshindio kinakubali kidogo sana, na kwa hanamu kinanyooka na kurudi. Bado mkiwa na shaka, chomoeni uzi mmoja ukingoni na mfuate mstari mwembamba unaobaki, huo haudanganyi.

Kwenye shati, mtande kwa kawaida unashuka sambamba na mstari wa vifungo. Nami ningewashauri msilichanechane. Likateni mbele na nyuma kwa pamoja, mraba wa sentimita 43, mstari wa vifungo ukiwa katikati, mshone pande zote nne nyuso nzuri zikiwa zimetazamana, kisha mfungue vifungo na mgeuze. Hiyo ni foronya ya mto wa kochi wa sentimita 40, na mlango wake umekwisha kushonwa na kiwanda, hamhitaji zipu. Hakikisheni tu kwamba hakuna kifungo kinachoangukia kwenye mstari wa mshono. Fulana msiziguse kwa sasa, kwa sababu hazikufumwa kwa mtande na mshindio bali kwa vitanzi, na huvutika kila upande.

DadaWaDunga, Kisumu

Nijibu la gundi, kwa maana sisi wa kando ya ziwa tunaujua unyevu. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri, lakini ni chakula, na kila kinachopenda chakula kitaifuata, kuanzia ukungu hadi mende. Naamini mliipaka nzito, mkaziweka kurasa zote pamoja chini ya kitu kizito, na maji yakakosa pa kutokea.

Chukueni kipimo kimoja cha unga na vitano vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, ndipo umiminwe kwenye maji yaliyobaki yanayochemka, huku mkikoroga hadi uji uache weupe na kuanza kung'aa. Ukiongeza kijiko kidogo cha shabu iliyosagwa, au matone machache ya mafuta ya karafuu, ukungu huchelewa. Hata hivyo pikeni kidogo tu, ya siku mbili au tatu, na ikianza kunuka uchachu mtupe. Ipakeni nyembamba kwa brashi, na kila bahasha ikauke peke yake mahali penye hewa kabla ya kupangwa juu ya nyingine. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei mimi huacha kabisa kazi za gundi ya unga, nashona tu.

Mabaki ya karatasi msiyatupe. Yaloweke usiku kucha, myatwange kwenye kinu, myachanganye na maji mengi kwenye beseni, mzamishe fremu ya mbao iliyowambwa chandarua, mnyanyue ikiwa imelala sawa, kisha mlipindue tabaka hilo juu ya kitambaa. Kwetu huku kuna wanaochanganya mashina ya gugu maji yaliyochemshwa, na karatasi hutoka yenye nyuzi za kahawia zinazoonekana. Mwalimu atafurahi kusikia kwamba karatasi hiyo haina mwelekeo mmoja wa nyuzi, kwa sababu fremu haikimbii popote. Ukiichana, inakwenda kombo pande zote.

KijanaWaBungoma

Nakiri kushindwa, Fundi. Ule mkoba wangu ulidumu muhula mmoja, ndiyo, lakini sikuwaeleza kwamba muhula wa pili uling'oka na kitambaa chake. MamaWawili, utuletee habari.

MamaWawili, Nakuru

Nimerudi na habari. Nilinunua yadi moja ya kitenge chenye picha za ndege, nikakifua, na kilipungua sentimita tatu kwa urefu. Mfuko wa kwanza ulituchukua majioni manne, mkubwa akishona bandi na mimi nikishona kwa kurudi nyuma. Nimeubebea viazi kilo tano kutoka sokoni bila mkanda kulegea, na nimeufua mara mbili, mishono bado iko ubavuni pake. Madaftari yameshonwa matatu. Mdogo amechana magazeti yote ya nyumbani akitafuta mwelekeo wa nyuzi, likiwemo moja ambalo baba yake alikuwa hajalimaliza.

Lipo jambo moja tu. Upande mmoja wa mfuko ndege wamesimama vizuri, na upande wa pili wamening'inia miguu juu.

FundiKibuye, Kisumu

Hilo ni langu, Mama, nilipaswa kukuambia. Kipande kimoja kinapokunjwa chini, nusu ya pili ya picha lazima ipinduke. Mfuko wa pili, kata kile kipande cha sentimita 86 katikati upate viwili vya sentimita 43, geuza kimoja ili ndege wa pande zote wasimame, kisha uviunganishe chini kwa ule ule mshono wa mara mbili kabla ya kushona mbavu. Mfuko utapungua kina kwa sentimita moja na nusu, na kitako kitakuwa imara zaidi kwa sababu ya mshono huo.